Marahaba, Mussa

Haya niliyapata kwa Twalib mwenyewe, yule fundi cherehani wa hapa kwetu Rosettenville, akinisimulia huku anapiga pasi suruali ya mteja. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mtu akikuhadithia mambo ya namna hii huku ananyoosha pindo la suruali, unajua hadanganyi, na unatamani angekuwa anadanganya.

Jumamosi yenyewe ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Ilikuwa Juni, baridi ya Joburg inachoma masikio, jua lipo lakini la kuangalia tu. Twalib alikuwa kwenye cherehani aliyoachiwa na baba yake. Mdogo wake, Mussa, alitumwa spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate na maziwa, na kama ada yake akachelewa, kwa sababu kijana huyo hakuweza kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Mtoto wa Tanga, kalelewa akaleleka. Falonne, msusi kutoka Lubumbashi aliyepanga nao nyumba moja, alikuwa akimcheka kila siku. Kwao shikamoo haipo, watu wanapeana jambo yanaisha, na akasema huyu Mussa iko siku ataamkia hata nguzo za umeme.

Tatizo lao lilikuwa deni. Baba yao, mzee Abdulrahman, alikopa kwa Mzee Burhani ili awalete wanawe wawili huku Kusini, akafungua kibanda cha ushonaji, akafariki kabla hajarudisha hata nusu. Burhani naye alikuwa mtu wa Tanga, akiishi peke yake Turffontein karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mtaani alijulikana kama muuza vipuri. Kazi yake hasa ilikuwa kuvusha magari ya wizi mpakani, na walioyaendesha ni watoto wa watu walioshindwa kumlipa. Wawili kati yao wako jela. Mwingine alirudishwa kwao ndani ya sanduku, na mama yake akaambiwa asilifungue. Sasa Burhani alikuwa amewaambia ndugu hawa, kwa upole kabisa, kwamba mwezi ukiisha hana haja ya maneno tena. Atamchukua Mussa.

Twalib alikuwa amemwahidi mama yake jambo moja tu siku walipopanda basi, kwamba Mussa atarudi mzima. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hela zenyewe hazikumuuma.

Basi akapanga mpango, na ni mpango wa kijinga ukiusikia ukiwa umekaa umeshiba. Wamwibie Burhani hela zake, kisha wamlipe Burhani kwa hela hizo hizo. Siwatetei, lakini mtu akibanwa kwenye kona akili inafanya kazi hivyo. Jumamosi mchana farasi wanakimbia, Turffontein nzima ni kelele. Wangevaa zile kofia zinazoacha macho tu, waingie, wamtishe mzee kwa kisu cha kukatia vitambaa, watoke. Mji huu watu wanaibiwa kila siku, nani atauliza? Twalib alimpa mdogo wake onyo moja, akalirudia njia nzima. Asifungue mdomo.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Mzee Burhani alikuwa kwenye kochi, ameinyooshea hita miguu yake, na kando yake kikombe cha bati chenye meno yake ya bandia. Mussa ndiye aliyetangulia kuingia. Akamwona mtu mzima amekaa. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Shikamoo," alisema.

Ndugu yangu, usimcheke. Sisi tumetiwa neno hilo kinywani tangu tunanyonya, na ulimi hauombi ruhusa.

Mzee hakushtuka. Aliwaangalia taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Marahaba, Mussa," alijibu. "Na wewe, Twalib, siku hizi huamkii watu?"

Twalib akachukua mto wa kochi. Yaliyofuata aliniambia kwa maneno machache tu. Alibana, akangoja. Mussa aligeukia ukutani. Mikono ya Twalib ilikufa ganzi mpaka mabegani, na ganzi hiyo anasema haijatoka mpaka leo. Walichukua hela zilizokuwa kwenye droo, wakavua kofia, wakatoka. Kwenye taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huku, walingoja ziwaruhusu, kama raia wema.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Watu wakasema ni wezi, eish, Joburg hii. Watu wa nyumbani walioko huku walimzika kesho yake, na makaburini ikaulizwa kama desturi, anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Ndugu wawili wakatazama viatu vyao. Moyoni Twalib alisema yamekwisha, deni limefukiwa, mdogo wangu ninaye.

Walipokuwa wakitoka, Mussa alimwamkia mzee mmoja wa msikitini. Kabla mzee yule hajafungua mdomo, jibu likaja. Lilitokea nyuma yao, upande wa makaburi. Mussa aligeuka, akaona watu wanakung'uta udongo kwenye majembe. Twalib hakusikia kitu, akamwambia ni uchovu.

Mara ya pili ilikuwa dukani. Alimwamkia mama mmoja kwenye foleni, na marahaba ikapulizwa sikioni kwake, karibu kabisa, na pumzi yake ilikuwa ya moto katika baridi ile.

Mara ya tatu Twalib alikuwepo. Mussa alikuwa akizungumza na mama yao kwenye simu. "Shikamoo, mama," alisema. Na hapo hapo, bila kuvuta pumzi, akajijibu mwenyewe, "Marahaba." Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya mtu mzima, na ilitoka kinywani mwa mdogo wake. Mama alicheka kule Tanga, akauliza siku hizi mnajiitikia wenyewe?

Kuanzia siku hiyo Mussa aliacha kuamkia. Aliogopa. Alipita kimya mbele ya wazee, na wazee wakanung'unika kwamba mji umemharibu, kijana amepata kiburi. Twalib aliona hiyo ndiyo dawa. Kumbe ndivyo alivyokuwa anaufungua mlango wenyewe, maana Mussa alipoacha kutoa shikamoo, akaanza kupokea.

Kwanza walikuwa watoto pale spaza, na hilo hakuna aliyelishangaa. Halafu mteja wa makamo, baba wa watu, aliyekuja kuchukua koti. Halafu mzee mwenye mvi kichwa kizima. Neno lilimtoka, akabaki amesimama ameshika kofia yake, anaona haya, hajui kwa nini amemwamkia kijana wa miaka ya wajukuu zake. Mussa aliwaitikia wote. Marahaba, marahaba. Alikuwa amekaa kwenye kiti, ameinyooshea hita miguu. Mkate alikuwa anauchovya kwenye chai mpaka ulainike, ndipo ale. Na kaka yake mwenyewe, Mussa alimwita "kijana".

Asubuhi moja Falonne alipita na beseni lake la vitana. Falonne yule yule. Akasimama mbele ya Mussa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Beseni likamponyoka. Alimfuata Twalib jikoni, akamshika mkono, akamnong'oneza kwa Kiswahili chao.

"Twalib, ule haiko Mussa tena. Kinywa yangu ilisema yenyewe."

Siku hiyo hiyo akafunga virago, akahamia Berea kwa dada yake.

Twalib alichukua hela zote, hawakuwa wamegusa hata senti, akaenda Turffontein. Ilikuwa mchana kweupe. Nyumba ya Burhani ilikuwa na mnyororo getini, nyasi zimekauka, hakuna aliyepangishwa. Alipita kwenye upenyo wa ukuta. Akapiga magoti barazani. Akausukuma mfuko wa hela chini ya mlango mpaka ukaingia wote.

"Zote hizo hapo," alinong'ona. "Kama hazitoshi nichukue mimi. Mwache mdogo wangu."

Aliweka sikio mlangoni.

Kisha ndala. Zilikuwa zinaburuzwa sakafuni, polepole, kutoka chumbani. Zikaja sebuleni. Zikasimama nyuma ya mlango. Twalib aliona kivuli kwenye uwazi wa chini. Mfuko ukaanza kurudi. Ulisukumwa kidogo kidogo, mpaka ukamgusa magoti.

"Hela ninazo, Twalib."

Aliuokota, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakukimbia. Alikuwa anaingoja hofu ije, nayo haikuja. Mimi hapo ndipo niliposikia mwili unanisisimka, lakini yeye alikuwa anamwagia maji kitambaa ili pasi ipite vizuri.

Ijumaa Mussa aliamka akaoga. Alivaa kanzu nyeupe ambayo Twalib hakuishona na hakuwahi kuiona. Akaenda mlangoni. Twalib akawahi, akasimama mbele yake, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Akamuuliza unakwenda wapi.

"Kwangu," alijibu Mussa.

Twalib alikuwa na maneno tayari. Alitaka kumwambia usiende. Alitaka kumwambia mama anakungoja, nilimwahidi, mdogo wangu usinifanyie hivi. Alimtazama usoni, na uso ulikuwa wa Mussa, na kovu lake la utotoni juu ya jicho. Akafungua mdomo.

"Shikamoo."

Yeye, kaka mtu. Kwa mtoto aliyemlea mgongoni.

"Marahaba, kijana," alisema Mussa. Kisha akangoja. Na Twalib akapisha, kwa sababu mtu mzima akitaka kupita, unapisha.

Alimtafuta, msiseme hakumtafuta. Alikwenda hospitali, mochwari, vituo vya polisi, akazunguka maghorofa ya Berea akionyesha picha. Nyumba ya Turffontein ilifunguliwa na dalali mbele yake. Vumbi lilikuwa limelala sakafu nzima, na hakukuwa na alama ya mguu.

Jumapili mama alipiga simu. Alikuwa na furaha ambayo Twalib hakuisikia tangu baba yao afariki. Hawakuwahi kumwambia kwamba Burhani amekufa, na waliojua kule Tanga bado hawakuwa wamemfikishia habari. Akasema Mzee Burhani amempigia asubuhi, kwa simu ya Mussa, wamezungumza vizuri sana, mtu muungwana. Amemwambia deni lote limelipwa. Amemwambia amshukuru mwanawe mkubwa, kwani ndiye aliyemfungulia njia.

"Na Mussa yuko wapi?" aliuliza mama. "Nipe nimsikie."

Twalib aliangalia kitanda cha mdogo wake. Alikuwa amekitandika mwenyewe.

"Amelala, mama."

"Mwache apumzike," alisema mama. "Amechoka mwanangu."

Nilimuuliza Twalib kwa nini hakuhama nyumba ile. Alizima pasi, akanipeleka chumba cha ndani, akanionyesha. Dirishani, karibu na kitanda, kuna kikombe cha bati chenye maji, na ndani ya maji mna meno ya bandia, ya juu na ya chini. Anasema aliyakuta siku Mussa alipoondoka. Nikamwambia ayatupe, Twalib, yatupe leo hii, mimi nitakusindikiza. Akatikisa kichwa, akaniambia hawezi, maana maji hayo huamka machafu na inabidi mtu awepo wa kuyabadilisha. Kila asubuhi yana chembe za mkate.