Chupa ya Nne na ya Tisa

Kila nikitoka shule nilipitia maabara ya meno kumngoja shangazi twende nyumbani. Kazi yake ilikuwa gundi, ile inayopakwa kabla ya kuziba jino lililotoboka ili kizibo kisibanduke. Yeye aliichanganya na unga laini wa kioo maalumu, ambao ukilowa hutoa madini ya kuimarisha jino. Siku moja, meno kumi na mawili yaliyong'olewa yalikuwa yametimiza miezi mitatu majini, kila moja kwenye chupa yake yenye namba: sita yana gundi ya kioo, sita gundi ya kawaida. Kesho yake angevuta vizibo vyake kwa mashine, aone gundi ipi imeshika.

Siku hiyo aliitwa chumba cha pili. Mimi sikujua kutulia. Nikachukua pamba na spiriti, nikashusha chupa na kuzipangusa. Namba ya nne na ya tisa zikafutika. Moja ilikuwa na jino la gundi ya kioo, nyingine la gundi ya kawaida, nami sikujua ipi ni ipi. Nikakisia, nikaandika.

"Leo chupa zinang'aa kunishinda," shangazi alisema aliporudi.

Njiani nilitangulia, nikarudi nyuma, nikatangulia tena.

"Una nini wewe? Umekanyaga siafu?"

"Hamna, shangazi."

Mezani niliacha chakula kwenye sahani. Asubuhi, alipoinama kufunga viatu, nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Shangazi, chupa mbili namba zake nimeandika mimi. Zilifutika. Nikakisia."

Alimaliza kufunga kiatu cha pili ndipo akaniangalia.

"Na gundi mbovu ikionekana nzuri? Hiyo itaingia mdomoni mwa mtu, mwanangu."

"Ndiyo maana sijala."

Tulifika maabara kabla ya kengele ya shule. Alizitoa chupa zile mbili, akaziweka kando.

"Miezi mitatu imepotea," nilisema.

"Ya meno mawili. Yamebaki kumi, matano kwa matano, na hayo nayaamini. Kosa likisemwa huchukua fungu lake tu. Likifichwa hula na la wenzake. Usiache kusafisha, ila uliza kwanza."

Akaniambia niwahi shule.

Shangazi hayupo tena, lakini daftari lake ninalo. Ukurasa wa siku ile ameandika: "Ya nne na ya tisa zimeondolewa. Namba zilifutika. Mtoto amesema mwenyewe."