Majivu kwenye Kidonda cha Njugu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kuchemsha uji na kumpa Njugu chakula. Njugu alikuwa mbwa wetu, mdogo, wa rangi ya kahawia, miguu mifupi kiasi kwamba akipita kwenye nyasi unaona mkia tu. Tunaishi Amalemba, mjini Kakamega, mimi na Mama. Baba anafanya kazi Ekero kwenye mizani ya miwa, na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Mimi ni Jescah. Wakati huo nilikuwa gredi ya sita na nilijiona mjanja kweli kweli. Haya ninayoyasimulia niliyafanya mwenyewe, kwa mikono hii hii, kwa hivyo tafadhali msinitafutie sababu.

Mwaka uliotangulia Njugu alizaa watoto watano chini ya kibanda cha kuni. Jirani yetu, Mzee Patroba, alichoshwa na kelele zao. Siku moja Mama akiwa kazini nami nikiwa shuleni, aliwatia wote kwenye gunia, akalifunga kwa kamba na kulitupa katika Mto Isiukhu. Wala hakuficha. Alimwambia Mama pale langoni huku akitafuna muwa, "Nimewasaidia, Mama Jescah. Mngewapa nini hao?" Njugu alizunguka kibanda siku tatu nzima akinusa ardhi, na chuchu zake zikitona maziwa.

Mama hakugombana na mzee. Aliapa tu kwamba Njugu hatazaa tena watoto wa kuuawa. Alipopata nafasi alimpeleka kwa Daktari Chepkoech, daktari wa mifugo mwenye kliniki nyuma ya soko, akatolewa kizazi. Tulipoenda kumchukua jioni, Njugu alikuwa bado amelewa dawa, tumbo limenyolewa, na katikati kuna mstari wa nyuzi nyeusi.

Daktari Chepkoech si mtu wa maneno matamu. Aliniuliza, "Ni wewe utakayemwangalia?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi sikiliza vizuri. Siku kumi na nne asikimbie wala asiruke. Asiogeshwe. Kidonda ukiangalie asubuhi na jioni, na usikipake kitu chochote, hata kama nyanya yako amekushauri. Dawa umfichie ndani ya ugali. Na hii isitoke shingoni, maana akijilamba atazifumua nyuzi."

Alichokiita "hii" ilikuwa ndoo ndogo ya plastiki. Kola za kliniki zote zilikuwa kubwa kwake, kwa hivyo daktari alikuwa amekata kitako cha ndoo ya mafuta ya kupikia na kumvisha Njugu, kichwa kikachomoza katikati. Mama alinishika bega. "Jescah ataweza," alisema. "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia."

Siku tatu za kwanza niliweza. Nilimtandikia gunia safi kwenye stoo, nikamshika akienda haja, nikaangalia kidonda kama nilivyoagizwa. Kilikuwa kikavu. Kisha watoto wa mtaa wakamwona.

Kiongozi wao alikuwa Wesley, mwanafunzi mwenzangu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wesley alisimama langoni akaangua kicheko. "Haki ya nani! Jescah amenunua dishi la televisheni! Dishi, tuonyeshe mpira!" Kufikia jioni walikuwa wamebuni mchezo. Walisimama nje ya ua wakirusha changarawe, na anayeingiza ndani ya ndoo ndiye aliyefunga bao. Njugu hakuweza kuona zinakotoka. Aligeuka huku na huku, ndoo ikagonga ukuta, naye akashtuka zaidi.

Nilitakiwa kuwafukuza. Wesley alinitazama akauliza, "Ama utalia, yaya wa mbwa?" Nikacheka. Jiwe moja lilimpata Njugu mdomoni, akalia, nami nikacheka pamoja nao. Nilikuwa naogopa tu kuchekwa mimi.

Jumamosi, siku ya sita, Mama alienda matanga Mukumu. Alipokuwa akitoka alisema, "Njugu asivuke lango hili. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Hata saa moja haikupita, tukasikia ngoma za isukuti. Babu yake Wesley anafuga fahali wa kupigana anayeitwa Radi, na asubuhi ile Radi alikuwa anapelekwa kiwanjani nje ya mji. Mnajua mambo yanavyokuwa: ngoma, filimbi, watu wazima wameshika matawi wakiimba, watoto wakitimua mbio mbele ya fahali. Mwili wangu wote ulitaka kwenda.

"Twende!" Wesley aliita. "Wenzako wamekuja na mbwa wao. Mbwa anakimbianga mbele ya fahali, ndio raha. Ama huyo wako ni wa kubebwa mgongoni?"

Nilimvua Njugu ndoo, maana sikutaka aibu. Nikamfunga kamba shingoni, tukavuka lango.

Mwanzoni alinifuata, masikini, akitikisa mkia. Maisha yake yote alikuwa hajaona barabara yenye watu wengi namna ile. Lakini Radi alipotishwa na filimbi akageuka kando, umati ukapiga mayowe na kutawanyika, nami nikakimbia na wengine. Njugu alikataa. Alikaa chini, miguu minne imebana ardhi. Nilivuta kamba. Alilia, nikavuta tena kwa nguvu, kwa sababu wenzangu walikuwa mbele na mimi nilikuwa nabaki. Tulipofika kwenye mtaro niliruka, kisha nikamburuta yeye juu ya ukingo wa saruji, tumbo chini.

Upande wa pili alijilaza. Nilipomgeuza niliona damu. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na ngozi imeachana, nafasi ya kuingiza kidole.

"Wesley! Njoo uone! Mama ataniua leo," nikasema.

Wesley aliinama akaangalia kama fundi. "Hiyo ni kitu kidogo. Radi akitobolewa na pembe, babu anachukuanga chumvi na majivu anajaza ndani. Baada ya siku tatu ngozi imeshikana. Fahali mzima anapona, sembuse haka?"

Lilikuwa wazo lililonifaa. Mama asingejua, daktari asingejua. Tulimrudisha nyumbani, Wesley akamfunga mdomo kwa soksi yake na kumshika miguu. Mimi nilichota majivu jikoni, nikachanganya na chumvi, nikayashindilia ndani ya kidonda kwa kidole changu. Njugu alipiga kelele ndani ya ile soksi. Macho yake yalikuwa yakinitazama mimi, si Wesley. Nikaendelea mpaka damu ikakoma, kisha nikamvisha ndoo yake na kumfungia stoo.

Mama alirudi giza limeingia, amechoka. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Vizuri, Mama. Kidonda kimekauka."

"Hajilambi?"

"Hapana."

"Asante, mwanangu. Bila wewe ningefanyaje?"

Jumapili aliuliza tena, nikajibu vilevile. Jumatatu pia. Kila siku uongo ulikuwa mwepesi zaidi mdomoni. Njugu alikuwa ameacha kula, kwa hivyo ule ugali wenye dawa niliutupa nje ya ua, na bakuli tupu nikamwonyesha Mama. Alipotaka kumwona nilimwambia amelala. Jumanne mchana nilifungua mlango wa stoo na harufu ikanipiga usoni. Nzi walikuwa wametanda. Njugu hakuinua kichwa. Mnajua nilifanya nini? Niliufunga mlango, nikaziba ufa wa chini kwa tambara.

Jioni hiyo Mama alienda stoo kuchukua makaa. Nilimsikia akisema, "Yesu wangu!" Alitoka amembeba Njugu ndani ya kanga yake, akaniita kwa jina langu lote, Jescah Nekesa Khisa, na tukaenda.

Daktari Chepkoech alikuwa karibu kufunga kliniki. Alimlaza Njugu mezani, akampima joto, akakunja uso. Juu ya kidonda palikuwa na gamba gumu la kijivu, na pembeni usaha ulikuwa unatoka. Aligusa lile gamba kwa koleo dogo.

"Hiki ni nini?"

"Ni vumbi, Daktari," nilisema. "Ndoo ilitoka usiku, akajilamba, halafu akalala chini."

Daktari aliliweka koleo chini. Halafu aliongea nami kana kwamba mimi ni mtu mzima, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Nisikilize. Kama ni vumbi, limekaa juu. Nitasafisha hapa nje, nitamdunga sindano, mtarudi nyumbani. Lakini kama kuna kitu kimeingizwa ndani, sindano haitasaidia. Itabidi nimlaze kwa dawa na kumfungua upya. Ana homa kali na hana nguvu. Anaweza kufia hapa mezani. Siwezi kumhatarisha hivyo bure. Nikikosea upande huu anakufa, nikikosea upande ule anakufa. Aliyekuwa naye ni wewe. Ni vumbi?"

Mama alinitazama. Nilitaka kusema ni Wesley. Nilitaka kusema sijui. Nilisema, "Ni vumbi."

"Sawa," akasema Daktari, akachukua pamba.

Alipoigusa ngozi, Njugu alifungua mdomo kulia na sauti haikutoka. Hapo nikashindwa. "Ni majivu! Ni majivu na chumvi! Yako ndani kabisa! Nilimtoa nje siku ya Radi, nikamburuta, nyuzi zikakatika!"

"Nani aliyapaka?"

"Wesley aliniambia kwamba..."

"Sikuuliza nani alisema. Nauliza mkono wa nani."

"Wangu."

Mama aliegemea ukuta. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. "Nilikuuliza kila jioni," alisema polepole. "Kila jioni, Jescah. Patroba aliwaua watoto wa Njugu kwa siku moja, na alikuja akaniambia. Wewe umekaa siku nne unamwua mama yao huku ukinitazama machoni."

Daktari alinikataza kutoka nje. Alinipa glavu, akaniambia nishike karai. Alimdunga Njugu dawa ya usingizi, akakata lile gamba, na yale majivu yakaanza kutoka, meusi sasa, yameshikana na usaha na vipande vya nyama iliyooza. Alitoa, akasafisha, akatoa tena. Mara mbili alisimama akasikiliza moyo, na mara ya pili alisikiliza kwa muda mrefu sana. Nililia mpaka machozi yakaingia kwenye karai. Hakuna aliyeniambia ninyamaze, wala aliyenibembeleza.

Njugu alilala kliniki siku tano. Aliporudi nyumbani Mama alimpa dawa mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kusafisha kidonda tu, Mama akiwa amesimama kando yangu. Nilipokaribia, Njugu alitetemeka mwili mzima. Hakuniuma hata siku moja. Alifumba macho tu na kusubiri nimalize.

Wiki mbili baadaye tulirudi kutolewa nyuzi. Daktari Chepkoech alipapasa kovu, pana na baya kuliko lilivyopaswa kuwa, akasema, "Amepona. Mbwa huyu ni mgumu." Nilifurahi nikasahau kila kitu, nikaita, "Njugu!" Aliposikia sauti yangu alijikojolea pale pale mezani, akajikunyata upande wa Mama.

Nilimwuliza Daktari kama atanipenda tena.

"Hilo sina dawa yake," alijibu, akipangusa meza. Kisha akaniketisha kwenye benchi. "Jescah, kila mtu hukosea, hata mimi. Zile nyuzi tatu ungeniletea habari zake siku ile ile, ningezishona upya kabla ya chakula cha mchana. Mama yako angekukaripia, ukalia kidogo, basi, yakaisha. Kilichotaka kumwua mnyama huyu si mbio za fahali. Ni zile siku nne za kusema 'vizuri, Mama.' Mbwa hawezi kusema anaumwa. Ulipewa kazi ya kumsemea. Ukiwa umepewa mgonjwa, mnyama au mtu, ukikosea sema mapema, hata kama utachekwa, hata kama utachapwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

"Umelielewa jambo hili kwa mwili wa mwingine. Usilisahau."

Tulipotoka nje nilimwuliza Mama kama ningeweza kumbeba Njugu mpaka nyumbani.

"Muulize yeye," Mama alisema, akamweka chini.

Nilichuchumaa nikanyoosha mkono. Njugu aliutazama kwa muda. Akanyoosha shingo, akanusa ncha za vidole vyangu mara moja, kisha akageuka na kwenda kusimama katikati ya miguu ya Mama. Mama alimwinua akamweka kifuani. Wakatangulia, nami nikawafuata nyuma mpaka Amalemba.