Hasira za Mtani

Soko kuu la Morogoro siku ya Jumamosi halina adabu. Paskalia alikuwa ameinama akichagua nyanya, kitenge kimekazwa kiunoni, mtu alipompiga kikumbo na nyanya zikatawanyika.

"Huoni?"

"Samahani, dada." Kijana mwenye jinzi ya mtumba na shati jeupe lililopigwa pasi alichuchumaa kuziokota. "Mkali hivi, unatokea wapi?"

"Mgeta."

Uso wa kijana ukachanua. "Mluguru? Basi samahani nimeirudisha. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Okota mwenyewe, mke wangu."

Muuza nyanya alicheka. Paskalia hakutaka kucheka, akacheka. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hutukana, hudai mke, hukamata hata kuku wako bandani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

"Mpagazi mkubwa," alimjibu. "Haya, nibebee kikapu."

Alikibeba mpaka Mwembesongo, alikoishi Paskalia.

Jina lake Stephano, fundi mitambo kiwandani. Kuanzia siku hiyo alikuwa akipiga simu kwenye duka la dawa alikofanya kazi Paskalia.

"Mke wangu, umenipikia nini?"

"Kiporo. Nani kakuoza?"

"Babu yako. Alikopa chumvi yetu, akashindwa kulipa."

Kila mara Paskalia alirudisha simu mahali pake huku akicheka, kisha kicheko kikageuka uchungu. Alikuwa amempenda. Lakini kila neno tamu la Stephano lilikuwa neno ambalo Mnyamwezi yeyote angemwambia Mluguru yeyote, hata bibi kizee asiye na meno.

Kisha serikali ikauza kiwanda, mmiliki mpya akapunguza watu, na Stephano akawa mmoja wao.

"Jumatatu napanda treni, narudi Tabora," alisema simuni, na safari hii hakumwita mke. "Jumapili twende bwawani Mindu. Njoo na rafiki yako, watu wasiseme."

Rafiki ndiye Yustina, Mungu amlaze pema. Hakuna aliyejua kupanda mlima huku anacheka kama yeye.

Jua la Oktoba lilikuwa kali, majani yamekauka njia nzima. Kila walipomaliza kilima, bwawa lilionekana hapo chini, wakishuka linajificha tena. Paskalia alikuwa amevaa gauni jipya la maua ya zambarau na viatu vya kisigino, na visigino vilikwisha kumchubua.

"Viatu gani hivyo vya porini?" Yustina aliuliza.

"Vya kumuaga msafiri."

"Basi utarudi umebebwa. Wapagazi si tunao?"

Stephano, aliyetangulia na kapu la chakula, hakugeuka. Jambo hilo lilimkera Paskalia kuliko malengelenge.

Maji ya bwawa yalikuwa yamepungua, ukingo umebaki tope lililopasukapasuka. Walikaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga, Uluguru ikiwatazama kwa mbali. Yustina alikuwa anagawa chapati Stephano alipoweka yake chini.

"Paskalia, nataka kukuoa. Nikifika nyumbani nitawaambia wazee."

Paskalia aliutafuta mzaha usoni mwa Stephano, hakujua kama upo au haupo. Yustina alikwisha kuanza kucheka. Paskalia aliogopa kuwa mjinga wa kuamini.

"Lete kwanza chumvi ya babu," alisema.

"Sitanii."

"Mnyamwezi asiyetania kazaliwa lini?"

Stephano alisimama. "Basi. Kila nikifungua mdomo, kicheko. Wiki nzima natafuta maneno ya kukwambia, na wewe unaniletea chumvi. Baki na mlima wako." Alipiga teke bonge la tope, akashika njia ya kurudi barabarani.

Yustina aliacha kutafuna. "Huyo kanuna kwelikweli."

"Kanuna," Paskalia alirudia taratibu.

Aliikumbuka siku ya kumzika mama yake. Watani walilizuia jeneza njiani, wakaiga sauti ya marehemu ikiwafokea wapwa, na yeye, machozi yakimtoka, hakuthubutu kukunja uso. Mtani hanuni. Hanuni hata penye kaburi.

Alivua viatu na kumkimbilia juu ya ardhi ya moto.

"Stephano! Umekasirika?"

"Niache."

"Nakuuliza, umekasirika?"

"Ndiyo. Nimekasirika. Sasa cheka."

Hakucheka. Alisimama akihema, viatu mkononi, vumbi limefika kwenye pindo la gauni. "Miezi yote hii nasubiri neno moja lisilo la utani. Ningelijuaje, na maneno yako yote umeyavalisha nguo moja?"

Stephano alimtazama miguu yenye malengelenge. Hasira haikumtoka mara moja, ila alimpokea viatu.

"Kesho usipande treni," Paskalia alisema. "Panda Mgeta. Kwetu ukoo ni wa mama, anayepelekewa posa ni mjomba."

"Nikimwambia mjomba mimi Mnyamwezi, si atacheka?"

"Atacheka sana."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda na huo uso ulio nao sasa."

Nyuma yao Yustina alipaza sauti kwamba chapati zote anazimaliza yeye, na kweli alizimaliza.