Springi Iliyoruka

Saa nne kasoro robo, Jumamosi asubuhi, Twyla Haugen alifunua taulo kwenye meza ya chumba cha kushonea akakuta sehemu zote za bunduki yake zipo, ila moja.

Miezi mitatu alikuwa akizichagua: mtutu wa inchi kumi na sita usiomwelemea begani, kitako cha kurefusha na kufupisha kwa kuwa mikono yake si mirefu, kifyatulio cha kawaida kwa kuwa kile cha fahari kingeweza kusubiri. Kilichotoweka ni kiwiliwili, chuma cha katikati kinachoshika sehemu nyingine zote. Hicho ndicho pekee chenye namba, kilichoandikishwa kwa jina lake. Vingine vyote, mbele ya sheria, ni vyuma tu.

Saa nne na nusu askari Gustafson wa ofisi ya sherifu alikuwa jikoni, kofia magotini.

"Jana nani walikula hapa?"

"Baba mkwe, Orval. Na shemeji yangu, Wade. Mume wangu yuko kazini kwenye visima vya mafuta, Dakota."

Gustafson aliacha kuandika. Wade alitoka gerezani mwezi wa nne kwa masharti. Akishika bunduki, hata hicho kipande chenye namba, anarudi kumalizia miaka minne.

"Ufunguo wa chumba?"

"Unaning'inia pale msumarini. Kila mtu anaujua."

Walipoitwa, Wade alifika akiwa na baba yake. Mzee Orval alikuwa na plasta juu ya nyusi.

"Mlango wa lori," alisema kabla hajaulizwa.

"Wade," Gustafson alianza, "jana jioni Twyla alipokuwa akimwogesha mtoto wake, wewe ulikuwa wapi?"

"Naosha vyombo. Nako ni kosa?"

"Peke yako?"

"Mzee alisema anakwenda chooni." Wade alimgeukia Twyla. "Shemeji, mimi nilikueleza kwa maneno tu jinsi ya kuiunganisha, nikiwa kwenye kiti hiki hiki. Chumba kile sijakikanyaga."

"Na maneno yenyewe mengi!" Orval alidakia. "Mfuko, sijui nini. Jeshini tulifunga bunduki macho yamefumbwa."

Twyla alinyanyuka, akarudi chumbani. Alipekua mezani, sakafuni, halafu kwenye kikapu cha nyuzi za sufu. Ndani ya sufu ya kijani kulikuwa na springi, nyembamba, fupi kama nusu ya njiti ya kiberiti. Kwenye rafu, mfuko wa plastiki ulikuwa bado umekunjwa vilevile alivyouacha.

Alirudi akaviweka vyote viwili mbele ya Gustafson.

"Mwizi angebeba akaondoka. Huyu alikaa akaanza kufunga, springi ikamponyoka. Wade ndiye aliyenifundisha kufanyia kazi hiyo ndani ya mfuko ili isiruke. Angekuwa yeye, angeanza na mfuko." Akamtazama mkwewe. "Baba, hebu toa hiyo plasta."

Chini ya plasta palikuwa na alama ndogo nyekundu, ya mviringo. Si mlango wa lori uliofanya vile.

Orval aliketi. "Nilitaka asubuhi uikute tayari, binti yangu. Springi ikanichapa usoni, bisibisi ikateleza, ikachora mkwaruzo mrefu kwenye kiwiliwili. Baada ya majigambo yote yale! Kipo chini ya kiti cha lori. Nilikuwa natafuta springi nyingine kwanza."

"Na mimi ungeniacha nirudi gerezani?" Wade aliuliza.

"Ningesema, mwanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Gustafson alikwenda kwenye lori, akasoma namba, akaichana karatasi yake. Twyla alikipokea kiwiliwili. Alipapasa mkwaruzo kwa kidole gumba. Ulikuwa mbaya kweli.

"Leo mchana tunaifunga," alisema. "Baba, wewe utashika mfuko. Wade atakaa kule mlangoni, mikono mfukoni, anatuelekeza kwa mdomo."

"Na huyu mzee avae miwani," Wade alisema, akivuta kiti. "Shemeji, ile pai ya jana ilibaki?"