Wati Mia Nane

Mvua ya Kicukiro haibishi hodi. Ilishuka Jumamosi mchana ikawasukuma watu wa barabarani ndani ya duka la vyombo vya muziki la mzee Ndihokubwayo, na duka likajaa hadi mlangoni. Wanakwaya walikuwa wakipuliza maikrofoni, vijana wa disko wakigombania nyaya, na mama mmoja mwenye mfuko wa viazi aliulizia bei ya kinanda asichokuwa na nia ya kukinunua. Katikati ya zogo hilo alisimama Alida, binti wa mzee, ndani ya gauni la kitenge cha manjano lililomkaa kiunoni kama lililoshonewa mwilini. Kaunta haikuwa kazi yake. Baba alikuwa amekwenda forodhani kutoa mizigo, akamwachia funguo na onyo: usiuze kwa haraka.

Mwanamume aliingia kwa kasi akiwa amelikumbatia gitaa la besi ndani ya koti lake la ngozi. Gitaa lilikuwa kavu, yeye amelowa mpaka soksi. Aliteleza, akamgonga Alida begani, na maikrofoni zikamwagika sakafuni.

"Pole, dada!"

"Pole haiokoti vitu," Alida akasema, akiinama.

Hakujibu. Alikuwa amempa mgongo tayari, anazitazama amplifaya zilizopangwa ukutani.

"Yewe, kaka! Nasema na wewe!"

Akageuka, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Nataka amplifaya ya besi. Kubwa kuliko zote."

"Unapigia wapi?"

"Gisimenti kila Jumapili, na bendi ya Munyakazi. Na maharusi."

"Kwa baa ya Gisimenti, wati mia tatu zinatosha, na majirani wanabaki kukusalimia. Kwa harusi ya uwanjani chukua mia tano, na spika moja ya inchi kumi na tano. Hutahitaji zaidi."

"Mia tano ni za kwaya."

"Na wewe ni nani?"

"Ganza. Uliza watu."

"Watu gani? Hawa waliokimbia mvua?"

Duka zima likacheka. Ganza naye akacheka, ila alichelewa kidogo, baada ya kuziona nyuso za wenzake.

"Sawa, Ganza wa watu," Alida akasema. "Hapa kwa baba kuna sheria. Hakuna kuchagua kwa macho. Anayechagua kwa macho ananunua taa na rangi, halafu kesho anarudi kulia. Utaangalia ukuta ule mtupu. Mimi nitachomeka gitaa lako kwenye hii, kisha ile, kisha nyingine. Utachagua kwa sikio peke yake."

Ganza akasita. Kisha akaugeukia ukuta, akapiga. Amplifaya ya kwanza ilitoa sauti ya duara, safi. Akapunga mkono: nyingine. Ya pili ikawafanya wanakwaya watikise vichwa. Akapunga tena. Kwenye ya tatu alirudi hatua moja nyuma, bila kutazama, akauegemeza mguu wake kwenye boksi la spika na kupeleka kiganja juu yake, kama mganga anayepima homa.

"Hii," akasema.

Ilikuwa ile ya wati mia nane.

"Umejuaje?"

"Iko na nguvu. Mwili wangu haudanganywi, dada."

Alida alikulia kati ya masanduku hayo, toka duka likiwa Bujumbura, kabla hawajakimbilia hapa. Hakuwa amewahi kumwona mpigaji aliyechagua kwa ngozi. Alimpunguzia bei bila kumuuliza baba, na kabla mvua haijakatika wakawa wamepeana na namba za simu.

*

Wiki moja baadaye, Jumapili, alikwenda Gisimenti. Alivaa sketi nyeusi na blauzi nyekundu, na hereni alizokuwa hajazivaa toka Pasaka. Bendi ilikuwa uani, chini ya mabati, moshi wa brosheti za nyama ukizunguka vichwa vya watu. Ganza alisimama palepale mbele ya spika yake, magoti yakikaribia kuigusa, na alipopiga noti ya kwanza chupa zilitembea mezani. Wengine waliziba masikio. Alida hakuziba. Alimtazama mwanamume yule aliyefunga macho na kuinua kidevu, akajua kwamba amekwisha kunaswa.

Mapumziko yalipofika alimfuata.

"Unapiga kama mtu mwenye kesi na dunia."

"Dunia ndiyo iliyoanza, sheri."

"Nimekupigia simu tangu juzi. Hupokei."

"Simu ni ya madalali," Ganza akasema, akimvutia kwenye kiti kilichokuwa upande wake wa kulia. "Mimi nataka nikuone unapoongea."

"Maneno ya wanaume wa bendi."

"Basi ongea uone."

Akaongea. Alimweleza habari za duka, baba yake, mji alioukimbia akiwa msichana, chuo alichokiacha. Ganza alimtazama usoni bila kupepesa, macho yakiwa midomoni mwake, asimkatize hata mara moja. Alida alifikiri moyoni: hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivi.

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi ujumbe wa simu, mchana ujumbe, jioni ujumbe. *Umekula, mukunzi? Umenikumbuka au umenikumbuka sana?* Walitembea barabara za Kagarama wakila mahindi ya kuchoma, daima Alida kulia, Ganza kushoto. Alipomtania kwamba ana masharti kama bibi harusi, alimbusu ili anyamaze. Lakini simu haikupokewa kamwe. Usiku baba alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga, Alida alimpigia akilia mpaka betri ikaisha. Kesho yake Ganza alikuja mbio na machungwa, akasema alikuwa amelala.

"Mtu halali hivyo, Ganza."

"Mimi nalala hivyo."

Kutoka siku ile kitu kidogo kikamwingia Alida rohoni, kikaanza kutafuna.

*

Ijumaa moja akaenda kwenye mazoezi bila kuaga. Alisimama mlangoni. Bendi ilikuwa imekaa kupumzika, na Ganza alikuwa kwenye benchi la pembeni pamoja na Jolly, mwimbaji wao, msichana wa jinzi ya kubana na kucha za fedha. Uso wake ulikuwa karibu na mdomo wa Jolly, karibu kuliko heshima inavyoruhusu. Mkono wa Jolly ulikuwa shingoni mwake.

Alida akatoa simu, akampigia. Simu iliwaka na kulia mezani, mbele yake. Ganza hakuitazama.

"Ganza!"

Hakugeuka. Jolly ndiye aliyegeuka. Macho ya wasichana wawili yakakutana, na Alida akaondoka kabla mwenzake hajainuka.

Aliandika akiwa barabarani: *Usikanyage duka letu. Bakia na mwenye kucha.*

Ganza alisoma ujumbe ule mara nyingi. Angeweza kuandika mstari mmoja na yote yangekwisha. Hakuandika. Kiburi chake kilikuwa kimekwisha kumchagulia: aliona heri aitwe malaya kuliko kuitwa kiziwi.

Aliyekuja dukani alikuwa Jolly, siku ya Ijumaa nyingine, bila rangi ya mdomo.

"Sikuja kugombana, dada Alida."

"Basi nunua kitu uondoke."

"Ganza hasikii."

"Hasikii nini? Ushauri?"

"Hasikii, sha. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia ndilo linalokufa sasa. Mimi namsemea karibu ili anisome mdomo. Namshika shingo ili ajue wimbo unageuka wapi. Nikimgusa mara moja, tunarudi mwanzo. Nikimfinya, tunamaliza. Munyakazi hajui, akijua atamfukuza."

Alida akazunguka kaunta, akaja mbele yake.

"Tangu lini?"

"Kabla hajakujua wewe. Daktari alimwambia atoke kwenye kelele, na kile kilichobaki kinaweza kukaa miaka. Yeye akanunua amplifaya kubwa zaidi ili ajisikie. Kila akipotewa na sauti anaongeza. Kila akiongeza, anapotewa zaidi." Jolly akafuta jicho kwa kiganja. "Kesho tuna harusi Kagarama. Munyakazi anataka moto. Mimi nimeshindwa. Jaribu wewe."

Jolly alipoondoka, Alida alikaa juu ya sanduku tupu. Aliona upya siku ile ya mvua: mguu kwenye boksi, kiganja juu ya spika. Mtu asiyesikia alikuwa akitafuta mtikisiko, na yeye, binti wa muuza amplifaya, akadhani anaona kipaji. Onyo la baba lilikuwa fupi tu, na hakulitii.

*

Mahema meupe yalikuwa yamesimama kwenye bustani ya Kagarama, viti vimevikwa vitambaa, mabinti waliovaa mishanana ya waridi iliyofungwa begani wakipita na maua. Ganza alikuwa nyuma ya jukwaa anachomeka nyaya, shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi hadi inakata. Alida alikwenda moja kwa moja mbele yake, pale ambapo angemwona.

"Najua," akasema.

Ganza alimsoma. Akaacha nyaya.

"Jolly ana mdomo mrefu."

"Wewe je? Una mdomo wa nini? Umeniacha niamini kwamba una mwanamke!"

"Mwanamke unaweza kumsamehe."

"Na hili siwezi? Ganza, nitazame. Shusha hiyo sauti leo. Au usipige. Tutairudisha dukani, nitakupa kazi pale, utafundisha watoto gitaa..."

"Nitafundisha watoto! Kiziwi anafundisha!"

"Basi weka pamba masikioni."

"Nikiweka pamba sisikii kitu, nitapotea katikati ya wimbo. Unataka wanicheke mbele ya wageni wote hawa?" Akajipiga kifua. "Tangu utotoni nina kitu kimoja tu. Bila besi mimi ni nani? Mpanga viti?"

"Ni mtu wangu."

"Mtu wako asiyesikia ukimwita."

"Nitakuita kwa mkono. Ila leo, nakuomba. Leo tu."

Munyakazi alipiga kelele kutoka jukwaani. Ganza hakumsikia, lakini alimwona akipunga. Alimtazama Alida kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba yake kabla ya kufunga mlango. Kisha akapanda.

Alizungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma.

Alipiga vizuri. Lazima isemwe, kwa sababu waliokuwepo bado wanaisimulia harusi ile: alipiga kama hakuna kesho, na kwa sikio lake kweli haikuwepo. Vitambaa vya mahema vilipumua. Wazee waliacha vyakula. Bibi harusi alivua viatu. Jolly aliimba akiwa amemkaribia, mkono shingoni mwake, akimgusa na kumfinya, na Alida alisimama chini ya jukwaa akiihesabu kila noti kama kipande cha nyama kinachokatwa sikioni mwa Ganza.

Wimbo wa keki ulipofika, shangazi mmoja alimvuta Jolly chini acheze na maharusi. Bendi ikamaliza kwa pamoja, ngoma ikakata.

Besi haikukata.

Ganza aliendelea, macho amefumba, kidevu juu, akipiga wimbo uliokwisha. Wageni walicheka kwanza. Walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Makofi yakaisha. Munyakazi akamwita, akaita tena. Watu wakaanza kutazamana. Alida akapanda jukwaani mbele ya maharusi, mapadri na kamera zote, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi.

Ganza akafumbua macho. Aliona midomo mingi imefungwa. Alimwona Munyakazi ameshika kiuno, anaelewa.

"Wimbo umekwisha?" akauliza, kwa sauti kubwa mno, kama watu wanaoongea ng'ambo ya barabara.

*

Siku zilizofuata Ganza alijifungia chumbani. Munyakazi alimletea koti lake na maneno ya heshima, na bendi ikapata mpigaji mwingine. Daktari alisema kilichobaki upande wa kulia ni kidogo, na hakitakaa.

Alikuja Kicukiro asubuhi moja yenye jua, juu ya gari la kukodi, amplifaya nyuma yake. Akaishusha mwenyewe. Mzee Ndihokubwayo, mkongojo mkononi, alimtazama, akatazama binti yake, akageuza kibao cha mlangoni kiseme duka limefungwa, na kwenda zake stoo.

"Iuze," Ganza akasema. "Usimuuzie mtu wa baa."

"Sitaiuza. Nitaifungua nitoe nyaya."

Ganza akatikisa kichwa. Hakuwa amesikia. Alida akamsogelea, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia, akarudia. Ganza akafumba macho.

"Hivyo nasikia kidogo," akasema. "Kama mtu aliye chumba cha pili. Alida, nilikuonea. Nilikuwa na sauti yako miezi yote ile, nikaitupa kwenye kelele. Kama bado una kitu cha kuniambia, niambie sasa. Vyote. Hata vya uzeeni."

"Vya uzeeni ni vingi, mpenzi."

"Anza."

Wakakaa sakafuni, migongo kwenye kaunta. Alida akaanza, na akaanza kwa vidogo, vya nyumba watakayokuja kuwa nayo. Chai imepoa. Umelala na soksi tena. Mtoto ana macho ya mama yako, usibishe. Hapana, hukunikasirisha, nimechoka tu. Funga dirisha, mvua inakuja. Nilikuchukia wiki nzima, na wiki nzima nilifua shati ulilosahau kwangu. Alitukana kidogo, akacheka, akalia, akaendelea. Ganza aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayepokea vitu dirishani kabla basi halijaondoka.

Kisha Alida akasogea karibu zaidi na sikio.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini? Sijauliza kitu."

"Utauliza. Nakujua na kiburi chako, utasubiri kwanza upate kazi, upate suti, upate mahali pa kusimama. Utauliza siku ambayo hutasikia jibu. Basi lisikie leo. Ndiyo, Ganza. Ndiyo."

Nje pikipiki na malori yalipandana sauti kwenye barabara ya Kicukiro. Kwa Ganza palikuwa kimya. Alilaza kichwa mapajani mwa Alida, sikio la kulia likiwa juu.

"Endelea," akasema. "Bado kuna nafasi."

Alida akaendelea mpaka sauti ikamkauka.