Hapa Pagumu

Nilirudi shambani kufuata chuma changu. Giza lilikuwa linaanza kuingia, gari la ofisi limeshawashwa, na dereva anapiga honi kwa kero, ndipo nikakumbuka kwamba chuma cha kupimia nilikiacha kimesimama kule mwisho kabisa wa shamba.

"Si ukifuate kesho, Mama Chuma?" dereva akasema.

"Kesho matrekta yanaingia. Unataka yakikanyage?"

"Haya, nenda. Ila mimi hapa sibanduki. Makaburi ni yako, mimi yangu ni usukani."

Kazi yangu ndiyo hiyo, kutafuta makaburi ya zamani. Ofisi ya wilaya hunituma mashambani kabla hayajachimbwa. Chuma chenyewe ni chembamba, kinanifika kifuani, kina mpini wa kushika kwa mikono miwili. Udongo ukishachimbwa mara moja haurudi kuwa kama zamani, hata waliozika nao wazikwe. Ukishusha chuma kwenye ardhi isiyoguswa, kinagoma. Ukikishusha kaburini, kinazama chenyewe mpaka mikono inashtuka. Hapo nachomeka kibendera chekundu, na palipo na kibendera hapachimbwi.

Shamba lile lilikuwa la Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Na humo ndani, mahali nisipopajua, alilala mama yangu.

Nilikuwa mdogo mno alipozikwa. Bibi ndiye aliyenisimulia kwamba ukoo mzima ulilala pale, mistari kwa mistari, kila mtu na jiwe lake kichwani. Baba alipofia ugenini, Baba Mdogo akajimilikisha shamba. Akang'oa mawe yote akasakafia banda la ng'ombe, kisha akalima juu ya wenyewe. Bibi alilia, akamuuliza, "Mkwe wangu umemlimia wapi?" Akamjibu, "Maiti hana shamba, mama." Bibi alikufa anauliza swali hilohilo.

Sasa Baba Mdogo alikuwa ametoa shamba liwe machimbo ya kokoto. Mbele ya bosi wangu akaapa kwamba pale hapajawahi kuzikwa hata paka. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanichekea jino pembe.

"Pima, mwanangu. Pima mpaka uchoke. Hapa pagumu."

Nikapima mchana kutwa. Na kweli pagumu! Kila nilipogusa, chuma kililia ng! kama nimepiga sakafu. Shamba la mahindi, lililolimwa miaka yote hiyo, leo limekuwa saruji? Jamani, kazi hii sikuianza jana. Ardhi haiwi hivyo. Lakini ningemwambia bosi nini, kwamba ardhi inanidanganya? Akasema hakuna kaburi, matrekta yaingie asubuhi. Baba Mdogo akajipangusa jasho kwa raha zake. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Basi nikapita katikati ya mabua makavu, mwanga umebaki wa kijivu. Nikasikia sauti.

Ng... ng... ng...

Mtu anapima.

Alikuwa mwanamke, amenipa mgongo, amejitanda kitambaa kichwani. Ameshika chuma changu kwa mikono miwili, uzito ameuweka begani, vilevile ninavyofanya mimi. Nikajua ni jirani mdadisi. Nikafungua mdomo nimgombeze, ndipo harufu ikanifikia. Udongo mbichi... udongo wa chini kabisa, usiojua jua.

"Samahani, mama," nikasema. "Hicho chuma ni changu."

Hakugeuka.

"Sisimizi," akanong'ona.

Jina hilo alinipa mama, kwa sababu nilikuwa nachimbachimba vishimo uani. Waliolijua wote walishakufa.

"Ametufunga." Maneno yalitoka kwa taabu, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Lakini halikuwa tonge. Ulikuwa udongo, unamdondoka miguuni, chembechembe, mweusi. "Ametufunga wote... hapa."

Akashusha chuma pembeni ya kigingi cha mpaka. Hakikulia. Kikazama.

Nilitaka kukimbia. Haki ya Mungu, miguu ilishageuka! Ila hasira ilikuwa nzito kuliko woga. Nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole. Ukucha ukang'oka, nikaendelea. Nikagusa kitu baridi.

Kufuli.

Kufuli kubwa, limefungwa, limeviringishiwa nywele na uzi mweusi, limepakwa mafuta yanayonuka uvundo. Kumbe! Ardhi haikuwa ngumu, ilikuwa imefungwa. Baba Mdogo alikwenda kwa mganga, sijui yupi wala kwa masharti gani, akawafungia ndugu zake chini ya miguu yake mwenyewe ili wasipatikane.

"Nani huyo?"

Alikuwa anakuja mbio, panga mkononi, mabua yanavunjika. Akaniona nilipopiga magoti, akaona nilichoshika.

"Weka chini! Mwanangu, weka chini, hujui unachoshika!"

"Najua sana. Mama yangu yuko wapi?"

Akasimama ghafla. Hakuwa ananitazama mimi tena. Alimtazama yule aliyekuwa nyuma yangu, akamtazama usoni, pale ambapo mimi sikuwahi kuona. Panga likamponyoka.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo.

Nikaliweka kufuli juu ya kigingi, nikachukua chuma changu, nikalipiga kwa mpini. Nikalipiga tena.

Tik.

Ardhi ikashusha pumzi.

Sina namna nyingine ya kueleza. Shamba zima lilipumua, pumzi baridi ikanipanda miguuni. Kisha udongo ukaanza kubonyea. Kaburi moja. Jingine pembeni yake. Jingine tena, mistari kwa mistari, kama Bibi alivyosema. Baba Mdogo alikuwa amesimama katikati yao. Akaangalia chini. Vifundo vya miguu vilishazama.

"Nivute," akasema.

Sikusogea.

"Mimi ni damu yako!" Magoti yakazama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikuwa ananong'ona, kama anaogopa kuwaamsha watu. "Nitarudisha mawe. Nitarudisha kila kitu, mwanangu..."

Akaninyooshea mkono. Nilikuwa na chuma, ningekinyoosha angekifikia.

"Bibi alikuuliza swali," nikamwambia. "Alikuuliza mpaka anakufa."

"Yuko hapa!" Sasa udongo ulikuwa kifuani. "Mama yako yuko hapa, ubavuni kwangu... amenishika... niambie aniachie!"

Thubutu!

Udongo ukafika kidevuni, ukamwingia mdomoni, ukajifunga juu yake bila hata ufa. Nilipogeuka, yule mwanamke hakuwepo. Kufuli nalo halikuwepo.

Dereva alinimulika vidole kwa taa ya simu. "We, mbona damu?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," nikamjibu, nikapanda gari.

Asubuhi nikamng'ang'ania bosi apime mwenyewe kabla matrekta hayajashusha meno. Akashusha chuma, kikazama. Akajaribu pengine, kikazama. Mchana shamba lilikuwa limejaa vibendera, na matrekta yamegeuzwa. La mama nililijua bila kuambiwa na mtu, nikachomeka kibendera chake kwa mkono wangu, nikalia kwa sauti mbele ya watu wote. Sikuona haya. Nilikuwa nimempata.

Kuhusu Baba Mdogo, walisema ameona aibu akatoroka.

Bosi akawa anapita kati ya mistari. Pembeni kabisa ya kaburi la mama akasimama, akapakanyaga kwa kiatu.

"Hapa napo ni kama panabonyea. Hebu pima."

Nikashusha chuma. Kikazama taratibu, bila kulazimishwa. Halafu kikashikwa.

Kutoka chini.

Nilivihisi vidole, kimoja kimoja, vikikizungukia. Vikakivuta kidogo. Vikaachia. Vikavuta tena, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Alikuwa hai bado.

"Vipi?" bosi akauliza.

Nikakichomoa, nikakipangusa udongo kwenye suruali yangu.

"Hakuna kitu," nikasema. "Hapa pagumu."

Mawe tuliyabandua bandani tukayarudisha, la mama nikalisimamisha mwenyewe. Usiku nalala vizuri, asiniulize mtu. Ninachojiuliza ni kimoja tu. Baba Mdogo alimwita shemeji yule mwanamke, lakini mimi sikumwona uso. Siku hizi najiambia alikuwa mama... maana sitaki kufikiria ni nani mwingine angelijua jina langu.

Juzi nilitumwa kupima mbali sana na kule, kwenye shamba la watu nisiowajua. Ardhi kavu, haijaguswa na jembe. Nikashusha chuma. Kikazama. Kikashikwa. Safari hii hapakuwa na adabu.

"Kuna kaburi hapo, Mama Chuma?" dereva akauliza toka garini.

"Hakuna. Hapa pagumu."

"Pagumu vipi, na chuma kimezama mpaka mpini?"

Nilikuwa navuta, jasho linanitoka, hakitoki. Akaja anacheka, akakishika pamoja nami ili anisaidie. Kisha kikavutwa chini, akakiachia ghafla. Akaangalia viganja vyake, akaniangalia mimi, akarudi garini.

Tangu siku hiyo hajanitania tena.