Simjui Yule wa Kwenye Barafu

"Uko wapi, mbona sikuoni?"

"Nimeshaingia, mpenzi. Niko na watu wa kazini," Vineta alijibu huku ameziba sikio moja kwa kiganja. Ngoma za mashabiki wa mpira wa magongo wa barafuni zilikuwa zinalia ukumbi mzima.

"Upande gani?"

"Nyuma ya goli la Slovakia. Lakini Raivo, usije uka..."

"Nyuma ya goli! Safi kabisa. Kipindi cha kwanza kikiisha naingia na mashine. Nikifika hapo kwenu navua kofia, wewe nipungie."

"Raivo, sikiliza kwanza..."

"Nipungie tu bwana! Leo naandaa barafu ya timu ya taifa, siyo ya watoto wa Jumamosi."

Akakata simu akiwa anacheka.

Vineta alibaki ameishika simu kama kitu kinachounguza. Raivo alikuwa mchumba wake wa miaka mitatu, ndoa ilikuwa Juni, na kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kulainisha barafu. Alikuwa mwanaume wa kujivunia kwa kila kitu. Lakini kule kazini kwa Vineta, kwenye kampuni ya bima pale Riga, hakuna aliyeijua kazi yake. Aliwaambia kwamba mchumba wake ni mhandisi wa mitambo ya baridi. Neno lilimtoka siku moja kwenye chai, wenzake wakashangilia, na tangu siku hiyo akashindwa kulirudisha.

"Mhandisi kapiga?" Sanita alimuuliza, akimega mkate wa kukaanga na kitunguu saumu. Sanita alikuwa jirani yake wa meza, mdomo hauna breki. "Mwambie basi aje tumwone. Au umemfungia kabatini?"

"Yuko kazini leo."

"Jumapili? Shoga, huyo kazi yake ina jina lingine!"

Bosi wao Ivars, aliyewapa tiketi, akacheka. Vineta naye akacheka, kidogo.

Kipindi cha kwanza kiliisha Latvia na Slovakia hawajafungana. Wachezaji wakatoka, lango la pembeni likafunguka, na mashine kubwa ikaingia taratibu, ikiacha nyuma yake barafu inayong'aa kama kioo. Juu yake alikaa Raivo na koti la rangi ya damu ya mzee, mgongo umenyooka kama bwana harusi.

Alizunguka mara moja. Mara ya pili akafika nyuma ya goli, akainua macho kwenye viti, akavua kofia, akaipunga.

"Jamani, dereva wa trekta kapata mapenzi!" Ivars alisema, na safu nzima ikaangua kicheko. "Anampungia nani huyo?"

"Anatazama huku huku," Sanita alisema. Akageuka. "Vineta! Anakutazama wewe!"

"Mimi?"

"Wewe! Unamjua?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha.

"Simjui," Vineta alisema. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akaongeza: "Labda gesi ya mashine imempanda kichwani."

Wakacheka sana. Yeye akacheka kuliko wote.

Mwanamke aliyekaa safu ya mbele yao, aliyejifunga skafu ya timu hadi masikioni, akageuka polepole. Vineta alipoiona sura ile, akaacha kucheka. Alikuwa Mama Velta. Mama mzazi wa Raivo. Kumbe mwanawe alimtafutia tiketi naye.

"Samahani mama," Sanita alisema, akidhani makelele yamemkera. "Tunamcheka tu yule dereva."

"Nimesikia," Mama Velta alisema. "Ni mwanangu."

Sanita akaweka mkono mdomoni. Ivars akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

"Oh! Tusamehe mama, hatukujua... Kwa hiyo alikuwa anampungia..."

Mama Velta alimtazama Vineta. Hakuwa na hasira machoni, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Alikuwa ananipungia mimi," alisema. Akageuka, akainua mkono, akampungia mwanawe.

Simu ya Vineta ikatetema. Ujumbe wa Raivo: *Umeniona? Mbona hukupunga, au ulikuwa msalani? Nilijihisi mjinga peke yangu kule kati. Nakupenda.*

Kipindi cha pili Latvia ilifunga. Maelfu ya watu wakaruka, bia zikamwagika, Sanita akamkumbatia mtu asiyemjua. Vineta hakunyanyuka. Uso ulikuwa unamwaka moto ndani ya ukumbi wa barafu. Mwishowe akajipenyeza hadi safu ya mbele, akachuchumaa karibu na magoti ya mama yule.

"Mama, nisamehe."

"Mimi umenikosea nini? Mimi hukunikana."

"Utamwambia?"

"Mwanangu, mimi si mtu wa kubeba maneno." Mama Velta hakuondoa macho kwenye mchezo. "Nimekufichia mbele ya wenzako kwa sababu nilikuonea huruma. Nyumbani sitakufichia, wala sitakuchongea. Hilo ni lako."

Vineta akarudi kwenye kiti chake.

"Unamjua yule mama?" Sanita alinong'ona.

"Ni mama mkwe wangu."

"Eti nini?"

"Yule dereva ni Raivo. Mchumba wangu. Hakuna mhandisi, Sanita. Hajawahi kuwepo."

Sanita akamtazama yule mama, kisha akamshika Vineta mkono.

Latvia ilishinda. Nje jua la Mei lilikuwa bado juu, magari yanapiga honi, bendera kila dirisha, wageni wanakumbatiana barabarani. Vineta alipita katikati ya furaha ile kichwa chini, akazunguka hadi mlango wa nyuma. Alimkuta Raivo anavua glavu.

"Umeona ushindi huo!" Raivo alimfuata na mikono wazi.

"Usinikumbatie kwanza."

Akamwambia yote. Mhandisi, "simjui", gesi ya mashine. Hakupunguza hata kimoja.

Raivo alimalizia kuvua glavu.

"Kukana naweza kuelewa," alisema hatimaye. "Mtu anashtuka, anaropoka. Lakini kucheka, Vineta? Ulicheka?"

"Nilicheka."

"Na mama alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Raivo akarudisha glavu mikononi ingawa kazi ilikuwa imeisha.

"Nenda nyumbani. Mimi nalala kwa mama."

Zikapita siku kumi na moja. Vineta alipiga, simu haikupokelewa. Akaandika: *Sikuombi urudi. Naomba ujue kwamba kazini nimewaambia wote, mmoja mmoja.* Kimya. Kweli aliwaambia, na kila alipowaambia alitamani ardhi ipasuke immeze. Ivars alimwomba radhi bila kumtazama. Sanita alimletea kahawa, akakaa naye bila utani.

Siku ya kumi na mbili simu ililia. Mama Velta.

"Leo mchana njoo ule hapa."

"Raivo anajua?"

"Nyumba ni yangu."

Alimkuta Raivo mezani, mbele ya bakuli la njegere za kijivu na vipande vya nyama ya nguruwe. Hakusimama. Vineta naye hakukaa.

"Nataka kujua kitu kimoja," Raivo alisema. "Ni mimi unayenionea aibu?"

"Hapana." Vineta akamtazama usoni. "Baba yangu alikuwa mfagizi wa shule niliyosoma. Miaka minane nilipita mbele yake kwenye korido kana kwamba simjui. Naye aliniacha nipite. Amekufa sijawahi kumwomba msamaha. Nilidhani niliiacha tabia hiyo kule shuleni, kumbe nimekuja nayo hadi kwako."

Mama Velta aliacha kukata mkate.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" Raivo aliuliza.

"Ningekuambiaje? Wewe ungekuwa mtu wa kwanza kunijua nilivyo."

Raivo alitazama mikono yake.

"Bado naumia," alisema. "Sitakudanganya. Kuna asubuhi naamka nakisikia kicheko ambacho hata sikukisikia."

"Najua."

"Na Juni tusogeze mbele. Siwezi kuoa nikiwa hivi."

"Tusogeze. Hata ukisema hutanioa kabisa, nitaelewa."

"Sijasema hivyo." Akavuta kiti cha pembeni kwa mguu. "Nimesema tusogeze. Jumapili ijayo nipeleke kwenye kaburi la mzee wako. Nataka kumsalimia."

Vineta alikaa. Machozi yalikuwa yanadondoka ndani ya sahani, na hakujaribu kuyaficha. Mama Velta akampakulia njegere, nyingi kuliko za mwanawe, akamsukumia kijiko.

"Kula," alisema. "Huko makaburini kuna upepo."